Makabati ya jikoni yamechakaa: upake rangi au ung'oe? Anza chini ya sinki

Milango ndiyo inayoudhi macho. Rangi nyeupe imegeuka njano, kingo zimebanduka, na pembeni ya kila kishikio kuna doa jeusi la mikono ya miaka mingi. Lakini mlango si shahidi mzuri. Unashikiliwa na bawaba mbili, unatolewa kwa dakika chache na kuwekwa mwingine. Kinachoamua hatima ya jiko ni boksi lililo nyuma ya mlango, na boksi linaloharibika kabla ya mengine ni lile la chini ya sinki. Toa ndoo, sabuni, madekio na mifuko yote iliyorundikwa humo, chukua tochi, bisibisi bapa na futi ya kupimia, upige magoti.

Tunazungumzia hasa majiko ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga mpaka Dar es Salaam na Mtwara, ambako unyevu na hewa ya chumvi havipumziki. Bara ubao huishi zaidi, ingawa mchwa hana mji wake.

Kipimo cha bisibisi

Bonyeza ncha ya bisibisi kwenye sakafu ya kabati, pale bomba linapopita, kisha kwenye sentimita 5 za chini za mbao za ubavuni. Ubao mzima unagoma, ncha inaacha alama ndogo tu. Ubao uliokwisha unaipokea ncha kama kiazi kilichoiva. Kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) na chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ongeza kipimo cha unene: ubao wa mm 18 unaosoma mm 21 au 22 kwenye kingo haufai tena. Chembe zake zimekunywa maji zikavimba, gundi imeachia, na haurudi ulivyokuwa hata ukiuanika juani wiki nzima. Rangi juu ya ubao wa namna hiyo hupasuka mstari mmoja kufuata uvimbe, na skrubu ya bawaba haishiki.

Kabla ya kulaumu ubao, tafuta maji yalikotoka. Ziba sinki, lijaze, kisha lifungulie ghafla huku umefunga karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungo cha bomba la maji machafu na kwenye koki za chini. Tishu ikilowa umepata mwizi. Angalia pia silikoni inayozunguka sinki kwa juu. Ikiwa nyeusi na imeachia, maji ya kuoshea vyombo yanapenya hapo na kutiririka kwa nyuma, mahali usipopaona. Huu uvujaji uzibwe kwanza, uamuzi wowote utakaofanya baadaye. Watu hununua makabati mapya na kuyaweka juu ya bomba lilelile linalovuja.

Halafu wadudu. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Sauti ya utupu ni dalili mbaya. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni za mchwa wa ardhini, na hao hawaondoki kwa kung'oa kabati tu, maana kundi lao liko chini ya sakafu na linahitaji kutibiwa huko. Punje ndogo ngumu kama mchanga chini ya ubao ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Ukikuta vumbi laini kama unga wa muhogo na vitobo vya mviringo vya mm 1 au 2, huyo ni bungua. Ubao wenye bungua hai usiupake rangi: atatoboa rangi yako akitoka.

Mwisho pima mshazari wa kila boksi kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Tofauti ya mm 2 au 3 hurekebishwa kwa skrubu za bawaba. Ikizidi mm 5 boksi limepinda, na milango haitakaa sawa hata ikiwa mipya.

Sasa hesabu. Sakafu ya boksi la sinki ikiwa imeoza peke yake, kata ubao mwingine uweke. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Boksi zima la sinki likiwa limekwisha na mengine ni mazima, jenga hilo moja. Mabovu yakifika matatu katika mstari mmoja, ng'oa mstari wote, kwa sababu utatumia fedha za fundi mara tatu ukijaribu kuokoa yaliyobaki katikati.

Kama chini ni zege

Nyumba nyingi zetu hazina boksi la mbao upande wa chini. Kuna kuta fupi za tofali, slabu ya zege juu yake, marumaru au granaiti, na mbele fremu ya mbao yenye milango. Kama jiko lako ni hili, umepunguziwa kazi: zege halivimbi na mchwa halili. Kinachooza ni miguu ya fremu, kwa sababu kila siku sakafu inadekiwa na maji yanasimama hapo. Badilisha fremu na milango, acha vingine. Fremu mpya ipake dawa ya mchwa pande zote nne kabla ya kuifunga, hasa upande utakaogusa tofali na zile kingo za kukatwa, uifunge kwa plagi za plastiki na skrubu badala ya misumari ya zege inayopasua plasta, na uinue miguu yake sentimita 1 kutoka sakafuni kwa kipande cha marumaru.

Granaiti inastahili neno lake. Ile ya mm 20 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita 3 kwa sm 60 inakaribia kilo 100. Ukiinyanyua ili ubadilishe maboksi chini yake, inaweza kuvunjika pale palipokatwa tundu la sinki, kwenye vile vipande vyembamba vya mbele na nyuma. Kama granaiti ni nzima na maboksi yanasimama, usiiguse. Hii peke yake inatosha kukufanya uchague milango mipya badala ya jiko jipya.

Mambo ambayo rangi haiwezi

Kuna malalamiko yanayofanana na uchakavu lakini si uchakavu. Kaunta ya sm 78 inayomvunja mgongo mpishi haitapanda kwa kupakwa rangi. Urefu wa kawaida ni sm 90 kutoka sakafuni. Kipimo bora zaidi ni kiwiko cha anayepika, ukipunguza sm 10 hadi 15. Kabati la juu lililoning'inia sm 50 tu juu ya jiko la gesi ni hatari ya moto, kwani hapo panatakiwa sm 65 hadi 75. Mtungi wa gesi uliofungiwa ndani ya kabati lisilo na tundu la hewa ni hatari kubwa zaidi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Tundu la hewa liwe chini kabisa ya mlango, usawa wa sakafu, na hewa hiyo iwe na njia ya kutoka nje. Tundu la juu peke yake halisaidii.

Kama kinachokukera ni mpangilio, ondoa neno "rangi" kichwani. Utatumia fedha na siku kumi, na mwezi wa pili utaanza kulalamika upya.

Kwa mpangaji jibu ni fupi: rangi, kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, au usifanye chochote.

Jua mlango wako umetengenezwa na nini

Maboksi yakipita mtihani, geukia milango. Mlango wa mbao halisi ya mninga, mkongo au mvule, uliofunikwa na vanishi iliyoungua na masizi, usiufiche chini ya rangi nyeupe. Bandua vanishi kwa msasa namba 120 kisha 180, upake vanishi mpya mikono mitatu, yaani tabaka tatu. Vumbi la mbao hizi, la mvule hasa, huwasha kifua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi, fanya kazi nje. Mvule una mafuta yanayochelewesha vanishi kukauka. Upanguse kwa kitambaa chenye tina (kiyeyushi cha rangi) dakika chache kabla ya kupaka. Na ukisisitiza rangi nyeupe juu ya mninga, jua kwamba wekundu wake utapenya rangi ya maji na kutokeza madoa ya kahawia hata baada ya mikono minne. Kinachouzuia ni praima (rangi ya msingi inayotangulia) ya kuzuia madoa, ya mafuta au ya shelaki.

MDF iliyopakwa rangi ndiyo rahisi kuliko zote. Melamini na formeka, yaani mbao zilizofunikwa uso mgumu laini wa kiwandani, zinapakika kwa sharti la praima maalumu ya kung'ang'ania sehemu laini. Mlango uliofunikwa ngozi ya plastiki unaobanduka karibu na jiko usiupake juu ya ngozi hiyo. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, uivute yote mpaka MDF ibaki wazi, usawazishe gundi kwa msasa, ndipo uanze. Na chipubodi iliyovimba kingo ni ya kutupa.

Kama mlango ulishapakwa rangi na hujui ni ipi, sugua mahali pa kificho kwa pamba yenye spiriti. Rangi ya maji inalainika na kuchafua pamba. Ya mafuta haitikisiki. Jibu hili ni muhimu kwa sababu fundi atakayepuliza rangi ya haraka yenye tina kali juu ya rangi ya mafuta ya zamani ataiona inajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, mbele ya macho yake, na hapo hakuna njia ila kubandua yote. Rangi za mafuta za miaka mingi zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Zipige msasa wa maji, si mkavu, watoto na wajawazito wakae mbali, na makapi yafagiliwe yakiwa mabichi.

Kupaka: kazi iko kabla ya rangi

Chukua mfano wa jiko lenye milango 12 ya sm 40 kwa 70 na droo 4. Pande zote mbili za milango ni karibu mita za mraba 6.7, ongeza nyuso za droo, fremu na mbavu zinazoonekana, unafika mita 9 au 10. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 kwa mkono mmoja kwenye sehemu laini. Mikono miwili ni lita 2, na kwa kuwa kingo za MDF hunywa, hesabu lita 2.5 au 3. Kopo la lita 4 hukuachia akiba ya kugusia mikwaruzo, nayo ni akiba ya maana maana kuchanganya upya rangi ileile ni bahati nasibu. Praima lita 2. Msasa karatasi 4 za namba 120, 6 za 180 na 8 za 320. Rola mbili za sponji za inchi 4, brashi ya inchi 2, na bawaba 24 ikiwa zile za zamani zimeota kutu.

Rangi iwe ya mafuta au ya maji ya aina ngumu inayotengenezwa kwa ajili ya mbao na vyuma. Rangi ya ukutani haifai hata kidogo. Itabaki inanata na kunyonya mafuta. Kati ya hizo mbili, kwa nyeupe tunapendekeza ya maji, kwani nyeupe ya mafuta hugeuka njano, haraka zaidi mahali pasipopata mwanga, yaani ndani ya kabati na nyuma ya mlango. Kwa rangi za giza ya mafuta ni nzuri na husamehe makosa ya mkono.

Toa milango yote. Andika namba ndani ya tundu la bawaba, lile la mm 35, uifunike kwa kipande cha tepu ya karatasi. Ndiyo sehemu pekee ya mlango isiyopakwa wala kusuguliwa. Skrubu za kila mlango ziwe kwenye mfuko wenye namba hiyohiyo.

Osha kwanza, msasa baadaye. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: ukianza na msasa unasukuma mafuta ya kupikia ndani ya mikwaruzo, na rangi itabanduka kwa vipande ukiigusa na ukucha. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili, kisha maji safi, kisha siku nzima ya kukauka. Pembeni ya vishikio malizia na spiriti. Kama milango iliwahi kung'arishwa kwa dawa ya fanicha yenye silikoni, osha mara tatu, la sivyo rangi itajitenga na kufanya vitobo vya duara kama macho ya samaki.

Msasa ni wa kuondoa mng'ao tu, si wa kufika kwenye ubao: 120 kwa rangi ya zamani inayobanduka, 180 kwa melamini. Ziba mashimo kwa puti ya mbao. Puti ya ukutani, ambayo mafundi wengi huibeba kwa kuwa ni rahisi, hunywa unyevu na kudondoka pamoja na rangi iliyo juu yake. Mkague fundi wako kopo. Panguza vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Praima mkono mmoja, kingo za MDF miwili. Ikikauka, msasa 320 kwa wepesi. Laza mlango juu ya vipande vya mbao vyenye misumari inayochomoza, paka upande wa nyuma kwanza, kesho yake geuza upake wa mbele, ili alama za misumari zibaki nyuma. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito unaotiririka. Rangi ya maji huruhusu mkono wa pili baada ya saa 4 hivi. Ya mafuta subiri saa 16 hadi 24, na soma kopo, maana kila kiwanda kina lake. Jumla ni siku 6 kwa rangi ya maji, siku 10 kwa ya mafuta. Fundi anayekuahidi siku mbili anakuruka hatua.

Chagua msimu. Unyevu ukizidi asilimia 85 acha kazi: rangi inakawia, inapoteza mng'ao na kuota ukungu wa weupe. Pwani hiyo ina maana kwamba masika, Machi hadi Mei, si wakati wake. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kupaka. Paka asubuhi umande ukishakauka, uache kabla ya jioni ili rangi ishike kabla unyevu wa usiku haujaingia.

Ukitaka kupulizia, fahamu kwamba ile ya haraka ya nitro inapendeza siku ya kwanza lakini haivumilii maji ya moto wala sufuria. Ya polyurethane yenye kigumishi cha kuchanganya ndiyo ya jikoni. Mvuke wa kigumishi hicho unaharibu mapafu. Kitambaa puani hakizuii chochote, anayepulizia avae barakoa ya vichujio vya kemikali. Kazi ifanyike nje ya nyumba, na mtungi wa gesi uwe umefungwa na kutolewa.

Milango inaweza kurudi mahali pake baada ya siku 3, lakini rangi hukomaa kabisa kwa wiki 3 hadi 4. Mpaka hapo futa kwa kitambaa kibichi tu, bila sabuni, na uweke vipande vidogo vya mpira kwenye kona ili mlango usigandane na boksi.

Skrubu inayozunguka bure kwenye ubao halisi hutibiwa kwa njiti za mbao zilizochovywa gundi nyeupe, zikatwe zikikauka, kisha skrubu irudi. Kwenye chipubodi njiti hazisaidii; sogeza bawaba sentimita 4 juu au chini utoboe tundu jipya. Mlango unaozidi sm 90 unahitaji bawaba tatu. Karibu na bahari nunua za chuma cha pua, hata kwa gharama ya kuacha vishikio vya bei.

Milango mipya au jiko zima

Uliza bei tatu zilizoandikwa: rangi pamoja na bawaba na ufundi, milango mipya peke yake, na jiko zima. Rangi ikizidi nusu ya bei ya milango mipya, nunua milango. Rangi ya mkono huanza kudai kuguswa mapema, hasa mlango wa sinki na wa takataka, na milango mipya inakuja na kingo ambazo hazijawahi kulowa. Ubao mmoja wa futi 8 kwa 4 hutoa milango 6 ya sm 60 kwa 72, kwa hiyo unaweza kumhakikisha seremala hesabu yake. Kwa maboksi ya chini yenye upana na kimo hicho, mbao mbili hutoa takriban maboksi matatu, bila migongo.

Ukijenga upya, boksi la sinki liwe la marini bodi halisi (plaiwudi ya kuvumilia maji) hata kama mengine ni MDF. MDF ya kuvumilia unyevu mara nyingi ina moyo wa kijani, lakini kijani ni rangi tu. Loweka kipande usiku kucha kwenye ndoo na upime unene asubuhi kabla ya kulipia mbao 10. Maboksi yasimame juu ya miguu ya plastiki ya sm 10 hadi 15, si juu ya ubao unaogusa sakafu inayodekiwa. Na sisitiza ukanda wa kingo ubandikwe pande zote nne za kila ubao, ukiwemo ule wa chini usioonekana. Mafundi huuacha kwa kuokoa mita chache, na hapo ndipo maji huingilia.

Bomba na nyaya vihamishwe kabla ya maboksi kufungwa. Silikoni ya kuzunguka sinki iwe ya mwisho kabisa, baada ya rangi, kwa sababu rangi haishiki juu yake. Ikishawekwa, usifungue maji mpaka saa 24 zipite, kisha rudia jaribio la tishu.